Aibu Si ya Mtoto

Wasomaji wetu wajua kwamba ukurasa huu ni wa mambo ya nyumbani: malezi, maradhi, masikilizano ya mume na mke, na yale mengine ambayo watu huyanong'ona ukumbini wala hawayasemi barazani. Mwezi huu tumeona vema tutoke nao, twende mbali kidogo, mpaka nchi ya Uchina na kwa jamaa za Kichina waliotawanyika duniani, tukatazame jinsi walivyopambana na aibu ya kuwa na mtoto mwenye usonji. Hatuendi huko kuwacheka watu, wala kuwafundisha. Twaenda kwa kuwa mtu huiona upesi kasoro ya nyumba ya jirani, na akirudi kwake, kama ana insafu, huitambua na yake.

Usonji ni nini

Usonji si wazimu, wala si utovu wa adabu. Ni namna ambayo ubongo wa mtoto hukua tangu mwanzo, ikawa njia yake ya kuwaelewa watu, ya kusema nao, na ya kupokea sauti, mwanga na mguso, si kama ya wengi. Mmoja hasemi kabisa. Wa pili asema sana, lakini juu ya jambo moja tu. Wa tatu huyarudia maneno aliyoambiwa kama mwangwi. Yuko apendaye kupanga vitu safu moja mchana kutwa, na akivurugiwa hulia kilio kisichonyamazika. Yuko ambaye mlio wa vyombo jikoni humwumiza masikio, na ambaye kukumbatiwa ghafula kwake ni mateso, ilhali ampenda mamake kama mtoto mwingine yeyote. Baadhi yao husoma mpaka vyuo vikuu. Wengine huhitaji kusaidiwa kula na kuvaa mpaka utu uzima. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na hali hii. Basi si jambo la taifa moja, wala la rangi moja, wala la watu wa dini moja.

Mwaka 1943 tabibu Leo Kanner, katika mji wa Baltimore huko Marekani, aliandika khabari za watoto 11, na maandishi hayo ndiyo yaliyoijulisha hali hii kwa matabibu wengi. Lakini baada yake ulikuja wakati wa giza. Wataalamu wa Magharibi walisema kuwa mtoto huwa hivi kwa sababu mamake ana moyo wa baridi, hakumpa mapenzi. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alitoa kitabu kizima cha kuishikilia rai hiyo, ijapokuwa miaka mitatu kabla yake Bernard Rimland, mtaalamu wa elimu ya nafsi ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto wa namna hiyo, alikwisha andika kuonyesha kwamba asili ya jambo hili ni katika mwili na si katika mapenzi ya mama. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wao wa mapacha. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, jozi 4 walikuwa na usonji wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana, haikupatikana hata jozi moja ya namna hiyo. Hapo ilidhihiri kwamba jambo hili lina asili katika urithi wa damu. Hawa mama waliotukanwa miaka yote hawakuwa na hatia.

Twayataja haya mapema ili msomaji asije akadhani kuwa kumtia mama hatiani ni ujinga wa Wachina peke yao. Wenye vyeti vikubwa katika miji mikubwa walilifanya kosa lile lile, tena kwa jina la elimu.

Mizizi ya aibu

Katika Uchina hali hii ilichelewa kujulikana. Mwaka 1982 tabibu Tao Guotai wa mji wa Nanjing alitoa khabari za watoto wanne, na hao ndio wa kwanza kuandikwa nchini humo kuwa wana usonji. Nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1000, na waliokwisha pewa jina la hali yao ni watoto wanne! Je, wengine walikuwa wapi? Walikuwa majumbani, wakiitwa wapumbavu, au mabubu, au watoto wasio na malezi.

Ndipo tuulize: kwa nini mzazi amfiche mwanawe? Wachina si watu wasiopenda watoto. Kinyume chake, huenda ikawa ni kwa wingi wa matumaini wanayomwekea mtoto ndipo uchungu ukazidi.

Mzizi wa kwanza ni kile wanachokiita mianzi, yaani uso. Uso kwao si wa mtu mmoja, bali ni heshima ya nyumba nzima. Mmoja akianguka, wote wameanguka. Wanayo methali yao kwamba aibu ya nyumbani haitolewi nje. Mzazi aliyelelewa katika neno hilo, mwanawe anapoanza kupiga kelele sokoni na watu wakageuka kutazama, haoni kuwa mtoto anaumizwa na makelele. Aona kwamba uso wa ukoo wake umechanika mbele ya watu. Safari ya pili humwacha nyumbani. Sikukuu ya mwaka mpya ifikapo, jamaa wakakusanyika na kila mmoja akasimulia alama za mwanawe shuleni, yeye hutoa udhuru asiende.

Mzizi wa pili ni ukoo. Mafundisho ya Confucius yamewalea watu wale katika kuwatii wazazi na kuendeleza jina la mababu, na mtoto, khasa wa kiume, ndiye nguzo ya uzee. Kisha tangu karibu na mwaka 1980 mpaka mwisho wa 2015 serikali iliwawekea watu wengi mpaka wa mtoto mmoja. Ziko nyumba zilizoruhusiwa kupata wa pili pale wa kwanza alipokuwa na kilema, lakini ruhusa yenyewe ilikuwa na mwiba wake, kwani ilikuwa kama kusema kuwa yule wa kwanza hakuhesabiwa. Tafakari hali ya mume na mke na wazee wao wanne, watu sita, ambao matumaini yao yote yamekaa juu ya kichwa cha mtoto mmoja asiyesema.

Mzizi wa tatu ni itikadi ya kale kwamba kilema ni malipo: ama mababu walitenda ovu, ama mtoto mwenyewe alilitenda katika maisha yaliyopita. Itikadi hii humgeuza mgonjwa akawa mshitakiwa. Na kesi hiyo ikisomwa nyumbani, mara nyingi hukumu humwangukia mama: alikula nini alipokuwa na mimba, alitazama nini, ukoo wao una nini. Haikosi mama mkwe wa kuuliza, wala haikosi mume wa kunyamaza.

Mzizi wa nne ni mwembamba, lakini umeiba miaka mingi. Wachina wana usemi wa zamani kwamba mtu mtukufu huchelewa kusema. Mtoto akifika miaka miwili bila ya neno, bibi yake hucheka na kusema, mwacheni, huyu atakuwa mtu mkubwa. Ni maneno ya mapenzi, nasi hatumlaumu bibi. Lakini miaka miwili huwa mitatu, na mitatu ikawa mitano, na ule wakati ambao mtoto angefundishwa kwa wepesi kuliko wakati wowote mwingine umekwisha pita mlangoni.

Hii ndiyo gharama ya aibu. Aibu haiongezi usonji wala haiupunguzi. Kazi yake ni kula wakati. Na wakati wa mtoto mdogo, ukiliwa, hakuna duka uuzwako. Wahenga wetu wamesema, mficha maradhi kilio humfichua.

Majina nayo huumiza

Jina la usonji katika lugha ya Kichina ni mawili. La kwanza ni zibizheng, maana yake maradhi ya kujifunga mwenyewe. La pili, ambalo ndilo litumiwalo katika maandishi ya serikali ya Uchina, ni guduzheng, maradhi ya upweke. Mtu asiyejua, akisikia kuwa mtoto amejifunga mwenyewe, hudhani kwamba amefanya ukaidi, au amefungiwa na wazazi wasiocheza naye. Jina limekwisha toa hukumu kabla ya tabibu kufika.

Hata neno la jumla la mwenye kilema lilikuwa canfei, na sehemu yake ya pili ina maana ya kitu kilichoharibika, kisichofaa tena. Mwaka 1988 liliundwa Shirikisho la Walemavu la Uchina, likiongozwa na Deng Pufang, mwana wa kiongozi mkuu Deng Xiaoping, ambaye mwenyewe hutumia kiti cha magurudumu tangu alipoanguka ghorofani na kuvunjika uti wa mgongo katika machafuko ya mwaka 1968. Sheria ya kuwalinda walemavu ilipopitishwa mwaka 1990, neno lililoandikwa ndani yake ni canji, ambalo halimwiti mtu takataka. Huenda msomaji akaona ni jambo dogo kubadilisha silabi moja. Sisi hatuoni hivyo. Jina ndilo mlango wa kwanza apitao mtoto kuingia katika macho ya watu.

Wazazi wenyewe walizua jina la tatu: watoto wa nyota. Jina hilo ni zuri, kwani limewafariji wengi na limefungua midomo iliyofungwa. Ila tungependa msomaji akumbuke kuwa mtoto huyu hakai juu mbinguni. Akaa nyumba ya pili, na ana njaa, ana usingizi, na ana haki ya kuwa na rafiki.

Mama aliyefungua mlango

Katika khabari zote za Uchina juu ya jambo hili, moja imetugusa zaidi. Bibi Tian Huiping alikuwa mwalimu katika Chongqing, amepata kusoma Ujerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliambiwa kuwa mwanawe wa pekee ana usonji. Pa kumpeleka hapakuwapo, walimu wa kumfundisha hawakuwapo, na kitabu cha kusoma kilikuwa adimu. Angaliweza kufanya walivyofanya wengi, yaani kufunga dirisha na kunyamaza. Mwaka 1993, katika mji wa Beijing, alifungua shule aliyoiita Xingxingyu, maana yake Nyota na Mvua, ambayo ni ya mwanzo isiyo ya serikali kwa watoto wa namna hii nchini mwake.

Liangalieni jambo alilolifanya. Aliona kwamba watoto ni wengi na walimu ni wachache, naye hata akijenga madarasa mia hayatatosha. Basi akawafundisha wazazi. Mama au baba alitoka mkoani na mwanawe, akakaa Beijing majuma kadha, akajifunza jinsi ya kuligawa jambo moja kubwa likawa vipande vidogo: kushika kijiko, kukielekeza kinywani, kukirudisha, kuonyesha kwa kidole, kungoja zamu. Kisha akarudi kwao, akawa yeye ndiye mwalimu. Lakini lililo kubwa kuliko hayo, kwa rai yetu, ni kwamba mzazi yule aliingia katika chumba akakuta wazazi wengine, na kila mmoja ana mtoto kama wake. Kwa miaka alidhani kuwa ni yeye peke yake duniani. Aibu ni kama ukungu wa vyumba vilivyofungwa: haishindwi kwa kuhubiriwa, hushindwa kwa kufunguliwa dirisha.

Mwaka 2010 ilitoka filamu ya Kichina iitwayo Haiyang Tiantang, maana yake Pepo ya Baharini. Mtungaji na mwongozaji wake, Bibi Xue Xiaolu, alipata kujitolea kufanya kazi katika shule ile ya Nyota na Mvua. Jet Li, ambaye watu humjua kwa kupigana, humu hapigani na mtu. Ni baba mjane, mfanyakazi wa jumba la samaki, ana saratani ya ini, na kijana wake wa usonji hana mwingine wa kumtunza. Filamu yaanza na baba na mwana katika mashua. Baba amejifunga pamoja na kijana, nao wajitupa baharini ili wafe wote wawili. Hawafi, kwa kuwa kijana ni mwogeleaji hodari. Basi baba arudi nchi kavu, na siku zake zilizobaki azitumia kumfundisha mwanawe kupanda basi, kuchemsha yai, kuvua nguo na kuvaa, na kumtafutia mahali pa kukaa baada yake.

Hiyo ni hadithi, lakini swali lake si la hadithi. Wazazi wa Kichina wana maneno wanayoyasema sana, kwamba laiti ningeishi siku moja zaidi ya mwanangu. Mzazi gani wa kawaida huomba mwanawe amtangulie kaburini? Haombi kwa chuki; aomba kwa sababu amewatazama watu waliomzunguka, asimwone hata mmoja wa kumwachia amana ile. Ombi hilo ni shitaka juu ya majirani.

Yaliyobadilika na yaliyobaki

Mwaka 2006, katika hesabu ya walemavu iliyofanywa nchi nzima, usonji uliingizwa rasmi miongoni mwa ulemavu unaotambuliwa na serikali. Amri ya elimu ya walemavu ilirekebishwa ikaanza kazi upya mwaka 2017 ili kuwapa watoto hawa njia pana zaidi ya kuingia katika shule za kawaida. Mwaka 2018 uliwekwa utaratibu wa kuwasaidia watoto walemavu mpaka umri wa miaka 6 kupata mafunzo ya kuwainua, na wenye usonji wakatajwa kwa jina. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, wa watoto wa miaka 6 hadi 12, ulikuta kuwa watoto 7 hivi katika kila 1000 wana hali hii. Linganisha na wale wanne wa mwaka 1982. Watoto hawakuzuka ghafula; macho ndiyo yaliyofunguka.

Nje ya Uchina pia, Wachina walio wengi katika Singapore waliona mwaka 2004 kufunguliwa kwa shule ya Pathlight, ambamo watoto wa usonji husoma masomo yale yale ya shule za serikali, wakasaidiwa pale wanapohitaji. Jambo hili lina faida mbili: mtoto apata elimu, na jirani apata kuona kwa macho yake kwamba ile khofu yake haikuwa na msingi.

Lakini si haki kuwaambia wasomaji kuwa kazi imekwisha. Sheria huingia mjini kwa siku moja, ila huchukua kizazi kuingia ukumbini. Wako wazazi wa wanafunzi wengine wasiotaka wana wao wakae dawati moja na mtoto wa usonji. Wako wazee ambao hata leo husema kuwa ni malezi mabaya. Na mtoto akishakuwa mtu mzima, milango iliyofunguliwa kwa ajili ya utoto wake hufungwa mmoja mmoja, mpaka akabaki na mzazi mwenye mvi.

Turudi nyumbani

Sasa na tujitazame. Je, sisi hatuna wetu wa chumba cha nyuma? Hatujapata kusikia kuwa mtoto fulani amechezewa, au mamake alipita mahali pabaya magharibi ilipokuwa ikiingia, au ni adhabu ya jambo la babake? Hatuna bibi asemaye, mwacheni, hata babake alichelewa kusema? Nguo ni nyingine, lakini mwili ni ule ule.

Basi twatoa nasaha tano, nazo si za Wachina peke yao.

Kwanza, mtoto akitimiza mwaka bila ya kugeuka akiitwa jina lake, au asionyeshe kitu kwa kidole akikaribia mwaka na nusu, au akifika miaka miwili bila ya kuunga maneno mawili, au akipoteza maneno aliyokwisha kuyajua, apelekwe kwa tabibu. Huenda ikawa si usonji. Huenda ni masikio tu. Kuuliza si kulaani.

Pili, mume asimwachie mke mzigo huu wala lawama hii. Baba akimshika mwanawe mkono akapita naye njiani mchana kweupe, amefanya zaidi ya hotuba kumi.

Tatu, tujihadhari na wauza dawa. Hakuna dawa ya kuung'oa usonji, na aahidiye kuung'oa ataka fedha. Yaliyosemwa mwaka 1998 kwamba chanjo ya surua huleta usonji yamepimwa mara nyingi yakaonekana si kweli, na gazeti la matabibu lililoyachapisha liliyafuta mwaka 2010. Kinachofaa ni mafunzo ya subira, ya kila siku, tangu utotoni.

Nne, jirani aache kutazama. Mtoto akilia sokoni na mama amechanganyikiwa, usimwulize kwa nini hamfundishi adabu, mshikie kikapu.

Tano, ukoo ukae na uamue mapema, mzazi angali hai, ni nani atakayemtunza mtoto huyu baadaye, atakaa wapi, na atakula nini. Liandikwe na lijulikane. Mzazi anayejua kuwa mwanawe ana watu hataomba kuishi siku moja zaidi yake. Ataomba kama wazazi wote waombavyo.

Mtoto mwenye usonji hakuja na aibu mkononi alipozaliwa. Sisi wakubwa ndio tuliomvisha, na vazi tulilolishona sisi twaweza kulivua sisi. Mungu atupe macho ya kuona na nyoyo za kupokea.